Kumi na Saba Wasiorudi

Likoni, Jumatatu, 1 Aprili 1963

Daftari hili nimepewa na mume wangu. Alilinunua ng'ambo, mjini, akalifunga kwa karatasi ya buluu na kuniwekea chini ya mto. Leo nina siku ishirini na tatu za ndoa, na kila asubuhi nikifumbua macho hungoja kidogo kabla sijageuka, ili furaha ya kumwona isiishe upesi.

Jina lake ni Mwidani. Hapa nyumbani silitamki, maana mke hataji jina la mumewe mbele ya watu, na mbele ya mavyaa, mama yake, ndiyo kabisa. Lakini kalamu haina mdomo, basi naliandika nitakavyo: Mwidani, Mwidani, Mwidani.

Leo nimeanza kazi pale pale anapofanya kazi yeye, katika chumba cha kadi cha hospitali ya upande wetu huu wa bara. Daktari Gershom, Mtaita mrefu, mtaratibu wa maneno, aliyesoma Makerere, ana maradhi yanayomshughulisha. Mishipa ya damu ya miguuni huziba kidogo kidogo, kama mfereji unaoingia taka. Mtu akitembea, shavu la mguu humbana, akisimama, humwachia. Miaka ikipita huja kidonda cha kidole kisichopona, halafu weusi, halafu msumeno. Watu sitini na wanne walikuja na maradhi hayo mwaka 1952 na 1953. Daktari anataka kujua miaka kumi baadaye wako wapi: nani yu hai, nani amekatwa mguu, nani amekufa na kwa nini. Majibu yamo ndani ya makasha ya kadi, na wa kuyatafuta ni mimi, kwa miezi mitatu, kwa sababu Mwidani alimwambia kwamba mkewe ana mwandiko mzuri.

Mkewe. Nimeliandika neno hilo na bado natabasamu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Nimeunguza wali wa nazi. Mavyaa alisema harufu imevuka maji, na mjini watu wanaulizana nyumba ya nani imeshika moto.

Jumanne, 9 Aprili

Tunakaa meza moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa makasha. Kidole chake cha shahada kina doa la wino lisilotoka. Akinipa kadi, vidole vyetu hukutana, naye hujifanya hakuona. Sijui kama wake wengine hupata raha ya namna hii katika vumbi.

Nimeshapata watu thelathini. Lipo kasha moja la mwisho ambalo kadi zake hazina majina ya maana: Baba Mbeyu, Baba Kache, Mzee wa Mtongwe. Mwidani amesema tusipoteze wakati nazo, makarani wa zamani walikuwa wakiandika ovyo. Nimelisukuma chini ya dirisha.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimemsikia jirani akimsifu bavyaa, baba yake Mwidani. Amesema siku hizi hakuna mtu mwenye adabu kama yule mzee. Ni kweli. Kutoka hapa mpaka msikitini hapafiki hata nusu maili, lakini yeye hutoka mapema mno, na kila baraza husimama. Humwamkia huyu, humuuliza yule habari za shamba, za mwana, za mbuzi. Halafu huenda hatua chache, akasimama tena. Nimeolewa katika nyumba ya watu wastaarabu.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mwidani amenisomea gazeti kwa sauti, uchaguzi na katiba na mwambao utakuwaje. Sikusikia hata neno moja, nilikuwa nikiitazama midomo yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemaliza! Yaani, nimemaliza mkupuo wa kwanza. Watu arobaini na saba nimewapata mwisho wao. Wengi ni wa kusikitisha: kumi na tisa wamekufa, kumi na watano wamekatwa mguu. Kumi na watatu tu ndio wanaoendelea vyema. Waliobaki, kumi na saba, walikuja mara moja au mbili, wakaambiwa warudi, na kadi zao zikanyamaza. Daktari ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Hawakurudi. Yamkini wamekufa."

Jioni nilipopeleka maji ya kunawa ukumbini, Mwidani aliniambia nimweleze baba yake kazi yangu. Nikaeleza, tena kwa madaha, kama niliyekuwa mbele ya mwalimu mkuu. Bavyaa alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na tonge mkononi.

"Hao kumi na saba," akauliza, "hawakurudi hospitali, au hawakurudi duniani?"

"Daktari adhani duniani, Baba."

Akalirudisha tonge siniani. Akasema amekwisha shiba.

Jumamosi, 27 Aprili

Sijui niandike vipi.

Juzi nilikuwa nikinakili kadi ya mwaka 1953. Daktari wa wakati huo aliandika hivi: "Mgonjwa husimama kila baada ya hatua mia. Huona haya, basi hujifanya anatazama minazi." Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika.

Jana Ijumaa nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikahesabu. Kutoka ngazi yetu mpaka baraza ya kwanza, bavyaa alikwenda hatua tisini. Alipofika aliinua mkono kuamkia, na mkono wa pili ukashika nguzo. Alikaa pale mpaka habari zikaisha, kisha akauliza nyingine. Halafu hatua themanini. Halafu sabini.

Nilimwambia Mwidani njiani, tukirudi kutoka kazini. Kwanza alicheka, akasema maradhi ya kadi yameniingia kichwani. Kisha akaongeza hatua mpaka tukafika nyumbani.

Kwa mavyaa nilikwenda mwenyewe, jikoni. Nilimwogopa. Bi Mwanatabu si mwanamke wa kuulizwaulizwa, na tangu niingie nyumba hii hajaniita ila "msomi". Alikuwa akikuna nazi. Nilipomuuliza kama mguu wa bavyaa una kasoro, hakuinua uso.

"Wa kulia," akasema. "Mwaka wa pili huu, baridi kama samaki. Nauwekea mchanga moto kwenye kitambaa. Amenikataza kumwambia mtu." Akakuna kidogo. "Nawe nani amekwambia?"

Nikamwambia ni kadi.

"Basi hiyo kadi ina macho kuliko mwanangu."

Jumamosi, 4 Mei. Idd ya Kuchinja

Nyumba nzima ilinukia udi tangu alfajiri. Bavyaa alitoka na kanzu mpya, Mwidani pembeni yake, nami nikawatazama kwa fahari. Hawakufika baraza ya kwanza. Bavyaa aligeuka, akarudi taratibu, akasema anahisi mvua. Hapakuwa na wingu. Aliketi kwenye kiti cha ukumbini, na swala ya Idd ikampita, yeye ambaye haijapata kumpita tangu utoto.

Mavyaa alimvua kiatu mbele yetu sote bila kumwomba ruhusa. Kidole kidogo kilikuwa cheusi mpaka nusu, na cha pili kina kidonda kama jicho.

Mwidani alitaja feri, teksi, Daktari Gershom hata kama ni sikukuu, yote kwa pamoja. Bavyaa alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akawasha sigara, akanitazama mimi, si kwa ukali. Afadhali ingekuwa kwa ukali.

"Mimi siendi," akasema. "Mkeo msomi amenisomea mwenyewe. Kumi na tisa wamekufa, kumi na watano wamekatwa, kumi na saba hawajulikani walikozikwa. Nikifa, nife na miguu yangu miwili, nioshwe na watu wanaonijua."

Mwidani alinitazama pia. Ilikuwa mara ya kwanza anitazame hivyo. Tulikula nyama ya Idd kama dawa.

Jumapili, 5 Mei

Hatukusemezana sana. Alasiri aliniletea kikuba cha asumini, akakiweka juu ya daftari hili, akaenda zake. Nimelia, kisha nimekivaa.

Jumatatu, 6 Mei

Mambo makubwa leo, ngoja niyapange.

Bavyaa alikubali jambo moja tu: apelekewe bandeji na dawa ya kuoshea kidonda. Mavyaa akaja nami hospitali kuzichukua. Dirishani alikuwepo bwana Erastus, karani wa siku nyingi, mtu wa bara, mpole, miwani puani. Akauliza jina la mgonjwa.

Mavyaa akanitazama. Nikaelewa, hawezi. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na mitano hawezi kumtaja mumewe dirishani mbele ya foleni ya watu. Nikasogea mimi, mwenye cheti cha sekondari, nimtajie. Nikafungua kinywa, na jina la bavyaa halikutoka. Wallahi halikutoka. Kwetu mkaza mwana hamtaji baba wa mumewe, na ulimi wangu ulilijua hilo kabla yangu.

"Andika Baba Mwidani," nikasema, na masikio yakanichoma, kwa kuwa hapo nimemtaja na mume wangu pia.

Bwana Erastus akaandika. Akakata kadi mpya, akaandika juu yake Baba Mwidani, akaitupia ndani ya kasha.

Nilibaki nikiitazama ile kadi. Daktari angekuja baada ya miaka kumi kumtafuta bavyaa kwa jina lake kamili, asingemwona popote. Angeandika: hakurudi.

Nilimwacha mavyaa amesimama na bandeji mkononi, nikakimbia chumba cha kadi, nikalivuta kasha lililokuwa chini ya dirisha. Baba Mbeyu. Baba Kache. Baba Mapenzi. Mzee wa Mtongwe. Hawakuwa watu wasio na majina. Mgonjwa mguu unamuuma, ameketi benchi kule chini ya kibanda. Mkewe ndiye aliyepanga foleni. Safari ya kwanza mtu alikuja na barua ya mudiri wa serikali, au na mwanawe, akaandikwa jina kamili. Safari ya pili kadi ya mkononi ilikuwa imelowa masika au imesahauliwa, na mkewe akasema alichoweza kusema. Wakamkatia kadi mpya. Mtu mmoja akawa wawili: mmoja akatibiwa, na wa pili tukamzika sisi.

Nilimweleza Mwidani nikiwa nahema. Akakaa juu ya kasha. Akasema kasha hilo amelipita kila siku kwa miaka minne, na kila siku mamake humwita babake Baba Mwidani, na wala hakuwaza.

Alhamisi, 9 Mei

Kadi za kasha lile ni mia mbili na zaidi, na za miguu ni thelathini na nane. Tumezilinganisha kwa kijiji, umri na mguu gani, lakini hazitoshi. Nani atajua Baba Mbeyu wa Mtongwe ndiye nani?

Mwidani ndiye aliyesema tumuulize mamake.

Jumapili, 12 Mei

Mavyaa hajui kusoma hata herufi moja, na kwa siku tatu hizi ndiye mkubwa wa kazi yetu. Daktari Gershom alikuja mwenyewe nyumbani na orodha. Alimwamkia mavyaa shikamoo, akaketi kwenye mkeka kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mimi nasoma, mavyaa ananyoosha vidole.

"Baba Kache, wa Ng'ombeni? Huyo mkewe alizalia kwetu. Mwandike, yu hai, juzi alikuwa matangani, alikula kuliko wote."

"Baba Mapenzi?"

"Wako wawili. Mwenye kovu la panga au mwenye wake watatu?"

Daktari akasema kadi haielezi habari za wake.

"Basi kadi yenu haijui kuuliza," akasema mavyaa, na daktari akaiandika hiyo pia.

Palipokuja jina la shemeji yake mkubwa alijifunika mdomo na upindo wa leso, akaelekeza kidole upande wa shamba lake mpaka Mwidani akalitaja yeye. Tulicheka sote, hata yeye. Baadaye, nikikusanya vikombe, aliniambia leo wali nipike mimi, yeye atakaa mbali asinitie hofu. Nimegundua kwamba dhihaka zake zote ni mlango, nami nilikuwa nikisimama nje nikidhani ni ukuta.

Bavyaa alikuwa chumbani mlango wazi, akisikiliza. Weusi umeshika kidole cha pili.

Jumanne, 14 Mei

Kati ya kumi na saba, tumewapata kumi na wawili. Wawili wamekufa, mmoja kwa moyo na mmoja kwa kiharusi. Mmoja amekatwa mguu. Tisa wanatembea kwa miguu miwili, ingawa wengine wamepungukiwa na vidole. Watano bado hatujui.

Na hao tisa: saba waliacha tumbaku mara tu walipoambiwa, na wakaendelea kutembea kila siku, wakisimama maumivu yakija, wakaendelea yakiondoka. Nilitaka kuruka. Daktari akanituliza. Akasema watu tisa si ushahidi wa kuapia, wengine huenda waliletwa na mguu usio mbaya sana, na kidole kilichokufa hakifufuliwi na matembezi. Mzee aende ng'ambo kwa daktari wa upasuaji wiki hii. Wiki ijayo huenda kinachotakiwa si kidole tena.

Wiki tatu na siku tano zimepita tangu nilipotamba mbele ya sinia. Nimezihesabu.

Jumatano, 15 Mei

Mimi sikuweza kumwambia bavyaa akanisikia. Maneno yangu yalishatumika. Basi asubuhi Mwidani alikwenda Mtongwe kwa baiskeli, na saa tisa alirudi akiisukuma, pembeni yake mzee mfupi mwenye kofia ya kiua na fimbo asiyoiegemea. Walikuwa wametembea wote wawili. Alikuwa ndiye Baba Mbeyu, ambaye kwenye orodha ya daktari amekufa tangu mwaka 1954.

Walijuana! Waliwahi kuuza nazi pamoja. Nilileta kahawa na kujibanza nyuma ya mlango, na mavyaa nyuma yangu, kidevu chake begani kwangu.

Waliulizana hali kwa muda mrefu, kisha Baba Mbeyu akavua kiatu cha kushoto, akaweka mguu juu ya kigoda mbele ya bavyaa. Vidole vilikuwa vitatu.

"Viwili niliwaachia wao," akasema. "Mguu nikaondoka nao."

"Wamekuandika umekufa," akasema bavyaa.

"Nimeambiwa. Nimekuja kuuliza matanga yangu mlipika nini."

Bavyaa hakucheka. Aliuliza kama iliuma. Baba Mbeyu akasema iliuma, asimdanganye, lakini kuacha sigara kuliuma zaidi. Mwezi mzima aligombana na mkewe, na kuku, na mlango. Kisha akainama, sauti ikashuka, tukalazimika kunyoosha shingo.

"Rafiki yangu, unataka kuoshwa na watu wanaokujua. Nami nataka. Lakini wewe unawaita waje na maji ungali mzima."

Tukasikia kasha la kiberiti likisukumwa mezani upande wa mgeni, na paketi ya sigara. Bavyaa akamwita mwanawe.

Alhamisi, 16 Mei

Wamevuka kwa feri ya asubuhi. Mimi na mavyaa tulifuata. Dirishani kule ng'ambo karani aliuliza jina la mgonjwa, na kabla yeyote hajajibu, bavyaa aliinuka kwenye benchi, akaja mwenyewe kwa hatua zake za kuvuta, akalisema jina lake, la babake na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayeadhini.

Ijumaa, 17 Mei

Wamempasua. Vidole viwili vimeondoka, na kiunoni wamekata mishipa fulani ya fahamu ili mishipa ya damu ya mguu ilegee. Daktari wa huko amesema angekuja mwezi mmoja kabla, pengine kingetosha kimoja.

Nimemwambia Mwidani kwamba hicho cha pili ni changu. Alinikatalia. Nikasema tena. Mara ya pili hakukataa, alinishika mkono tu, na nimempenda kwa hilo kuliko kwa kukataa.

Jumanne, 21 Mei

Foleni za uchaguzi, mvua, bandeji safi. Usaha hakuna.

Jumamosi, 1 Juni

Madaraka. Watu wanapiga ngoma mpaka kivukoni. Mavyaa alikuwa wodini, ametia mkono ndani ya shuka ya bavyaa akiushika unyayo, muuguzi asimwone. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniambia, kama mtu atoaye habari ya bei ya samaki, kwamba una joto.

Jumatatu, 17 Juni

Bavyaa amerejea nyumbani tangu Jumamosi. Kunywa kahawa bila sigara kumemfanya mkali. Amegombana na kiti. Hatujambo.

Kazi yangu imepata mwezi zaidi. Daktari ameniweka dirishani na bwana Erastus. Mwanamke akija, hatumlazimishi kumtaja mtu. Naandika Baba fulani, naandika kijiji, mguu gani, kisha natoka mpaka benchi kumuuliza mgonjwa mwenyewe jina lake, na yote mawili yanakaa juu ya kadi moja.

Daktari pia ameanza rejista mpya, ya walioletwa mwaka huu, na bavyaa ndiye mtu wa kwanza. Leo nilimletea aione, kwa kuwa niliona si haki kumwandika kwa siri. Aliishika mbali na macho, akaniuliza kila safu ni ya nini. Hii umri. Hii mguu. Hii tumbaku, na tarehe ya kuiacha. Hii upasuaji. Akafika mwisho wa mstari, akaweka kidole.

"Na hapa mbona pamebaki wazi?"

"Hapo ni mwaka 1973, Baba. Hapajazwi ila wakati huo."

Mwidani aliacha kusoma gazeti. Mavyaa aliacha kukuna nazi.

"Paache hivyo hivyo," akasema. "Usimruhusu mtu kuandika kitu hapo kwa kudhani. Nitakuja mwenyewe nikwambie uandike nini."

Akanirudishia rejista, akaomba fimbo yake, akashuka ngazi kwenda kufanya mazoezi ya jioni. Mavyaa akanitupia kipande cha nazi.

"Waridi, mwanangu," akasema, "mfuate, umhesabie hatua."

Nimerudi sasa hivi. Ni mia moja na arobaini kabla hajasimama.